Mamluki wa Mtaa Wetu

Baraka, tarehe 6 mwezi wa nane

Ninaandika hapa kwa sababu ofisini sisemi, na nyumbani nikisema Mama anaanza kusali.

Leo aliingia ofisini mtu mwenye miwani ya jua juu ya kichwa. Jina lake Alphonse Wilondja, kwao ni Mboko, lakini ametokea Bujumbura na kamera, droni ndogo, na kompyuta aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Anataka karatasi ya kumruhusu kupiga filimu ya vita mjini na kando ya ziwa. Filimu yenyewe ni ya mamluki, askari wa kukodiwa, ambao yeye na watu wote hapa wanawaita mersenere. Wanateremka kutoka ziwani kuiba dhahabu, na kijana mmoja wa Baraka anawamaliza wote peke yake.

Shefu Anatole, mkubwa wa ofisi yetu ya serikali, akamuuliza, "Na bunduki?"

"Za mbao, Shefu. Fundi anachonga, tunapaka ule unga mweusi wa betri zilizokufa."

"Na damu?"

"Mawese."

"Na elikopta?"

"Ile tutakamata tu kelele ya mashini ya kusaga mihogo."

Shefu alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Wiki iliyopita tu risasi zilikuwa zinalia upande wa milimani, tukalala chini ya kitanda mimi na Mama. Nilipoandika ile ruhusa, niliongeza mstari wangu mwenyewe: kila siku ya kupiga filimu, mtu wa megafoni apite kwanza mtaani aseme kwamba ni mchezo. Shefu akaufuta kwa kalamu. "Fanny, usichokeshe mugeni."

Nikaandika upya bila mstari ule. Mimi ni mwandishi wa ofisi. Ninaandika ninaloambiwa.

Tarehe 9

Vumbi. Umeme wa sola umezimika asubuhi, nimeandika kwa mkono siku nzima.

Tarehe 13

Alphonse amekosa mzungu. Hawezi kupiga filimu ya mersenere bila mzungu, anasema, watu watadai warudishiwe viingilio. Alimwomba Mbelgiji mmoja wa shirika la maji, yule akafunga kioo cha gari. Akataka kumpaka Idi unga wa mihogo usoni. Idi ni dereva wa pikipiki, amekua na kaka yangu tangu wakiogelea uchi, na katika filimu ndiye atakayekuwa yule kijana wa Baraka. Akakataa unga.

"Juu ya nini unitie unga?" akamwambia Alphonse. "Muzungu iko. Tunakaa naye kila siku."

Akampeleka kwenye saluni ya kaka yangu.

Kaka yangu, Willy, ni zeruzeru. Ananyoa watu kwenye kibanda cha mabati karibu na soko, ndani, kwenye kivuli. Asubuhi anaenda kabla jua halijapanda, jioni anarudi likishazama. Nilikuwa pale nimempelekea chakula, kwa hiyo niliona mwenyewe. Alphonse alisimama mlangoni, akatengeneza fremu kwa vidole vyake, akapiga magoti.

"Mungu wangu! Huyu ni muzungu kamili! Na anasikia Kiswahili!"

"Na Kibembe," Willy akajibu bila kugeuka, kwa sababu alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. "Na niko na wembe mukononi. Unisemeshe polepole."

Wateja wakaangua kicheko. Willy naye akacheka, na nikaona kile kicheko, nikajua ameshakubali.

Tarehe 14

Mama amekataa. Alisema hivi tu: "Mutoto wangu haiko kitu ya kuonyesha batu."

Willy alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini.

"Mama, tangu nizaliwe banaangalia mie bure. Ku kanisa banaangalia. Ku soko banaangalia. Sasa nitaenda banaangalie na sababu."

Mimi nilitaka kusema kitu kuhusu jua, na kuhusu vijana wenye bunduki wa kule juu milimani ambao hawana televisheni lakini wana simu. Nikasema tu, "Basi uvae kofia."

Vijana wale wana jina, kila mtu analijua. Sitaliandika hapa.

Tarehe 21

Siku ya kwanza ya filimu, ufukweni. Niliomba ruhusa ya nusu siku.

Inachekesha, lazima niseme kweli. Mamluki wote walikuwa vijana wa mtaa wetu waliovaa suruali za mabaka za mitumba, na mkubwa wao ni Willy, kifua mbele, miwani myeusi, sigara ambayo hajui kuivuta. Anateremka kwenye mtumbwi wa mashine na kusema, "Hii ziwa ni yangu sasa!" Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakamjibu, "Ya mama yako!" na Alphonse akapiga kelele kwamba wameharibu, warudie. Wakarudia. Safari hii wanawake walinyamaza, lakini Willy alijikwaa akaingia majini.

Jua lilipopanda nilimletea kofia yake pana. Alphonse akaichukua mikononi mwangu.

"Dada, mersenere havaagi kofia ya kuvunia mpunga."

"Ngozi yake haiwezi jua."

"Dakika mbili tu."

Hazikuwa dakika mbili. Walirudia mpaka mchana kabisa, kwa sababu Alphonse hana taa, taa yake ni jua. Jioni Willy alikuwa mwekundu shingoni, masikioni, mikononi, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mama alimpaka mafuta. Willy akasema, "Fanny, ungeona vile bote banasimama kuniangalia!"

Nilikuwepo. Niliona. Na ile kofia nilirudi nayo nyumbani mkononi, sikumvika, kwa sababu yule mtu alinikatalia mara moja.

Tarehe 27

Malengelenge yamepasuka. Willy ananyoa wateja ameinua mikono juu ili shati lisimguse.

Tarehe 30

Watoto wa mtaa zamani walikuwa wanamwita "muzungu wa promosyo", yaani wa bei ya kushushwa. Sasa wanamwita "Mersenere!" na kumpigia saluti. Anawarudishia saluti. Mmoja alimrushia jiwe dogo. Willy akalidaka, akaanguka chini kama aliyepigwa bomu, wakacheka mpaka wakalala mchangani.

Mimi nililihesabu lile jiwe. Yeye hakulihesabu.

Tarehe 4 mwezi wa tisa

Shefu ameniuliza kama mersenere wetu anaweza kuja kumnyoa nyumbani, apige naye picha. Nikasema nitamuuliza. Sikumuuliza.

Tarehe 11



Asubuhi aliingia mama mmoja kutoka vijiji vya juu, anataka karatasi ya kuzaliwa ya mtoto. Wakati nauliza majina, simu yake inalia kila mara, video zinaingia. Akanionyesha moja. "Dada, shiye huko juu hatulale. Angalia."

Ilikuwa Willy. Anashuka mtumbwini, nyuma yake watu wenye bunduki, mashine ya mihogo inanguruma kama elikopta. Imekatwa fupi. Haina jina la filimu, haina wanawake wa dagaa, haina kujikwaa. Na sauti ya mwanamume imewekwa juu, anawaita watu wa kule milimani: "Ndugu zangu ba Fizi, muamuke. Bazungu ba kukodiwa bameshateremuka Baraka. Muangalie na macho yenu."

"Mama," nikamwambia, "hii ni filimu. Huyu ni kaka yangu. Jina lake Willy, ni kinyozi."

Alivuta kiti chake nyuma, akasogeza na mtoto.

"Basi umuambie kaka yako atoke kwetu," akasema.

Mchana nilikwenda kumtafuta Alphonse kwenye nyumba ya wageni alikopanga. Alikuwa anakula samaki, na video ameshaiona. Alikuwa anang'aa.

"Fanny! Hata filimu za Kinshasa hazipate publisite kama hii! Imefika Uvira, imefika Kalemie!"

"Weka video nyingine. Sema ni mchezo. Waonyeshe bunduki za mbao."

"Nikionyesha mbao, nani atakuja kuangalia filimu?"

"Watamuua."

"Nani atamuua? Wewe ni muoga, dada yangu. Willy alinambia. Unaogopaka mpaka mvua."

Ndiyo, ninaogopa mvua. Nilipokuwa mdogo watu wenye bunduki walikuja siku ya mvua, hatukusikia miguu yao. Sikumwambia hayo. Nilitoka, na njiani nikaanza kumjibu kwa sauti, peke yangu, maneno mazuri kabisa, makali, ambayo hakuna aliyeyasikia ila mbuzi.

Tarehe 12

Nimemwomba Shefu tangazo la redio, mistari mitatu: ni filimu, mchezaji ni mtoto wa hapa, jina lake hili, baba yake fulani. Niliandika kabisa, nikampa.

Alisoma, akalikunja.

"Tangazo likitoka hapa, bataniuliza nani aliwapa ruhusa. Nitasema mie. Bataniuliza, ulijua watabeba bunduki? Nitasema nilijua. Unaona vile inaanza?"

"Lakini, Shefu, ni kaka yangu."

"Na ile ruhusa iliandikwa na mukono wa nani, Fanny?"

Nikarudi kwenye meza yangu. Nilikuwa na hasira hata nikakosa kupiga mstari ulionyooka. Hasira yangu ni kitu cha ajabu: inakaa kimya, inafuta vumbi kwenye mashine, inasema "ndiyo Shefu".

Tarehe 15

Wateja saluni: hakuna. Aliyekuja mmoja ni Idi, ambaye hana nywele.

Tarehe 16

Mama anataka Willy aende Kalemie kwa mjomba. Willy amekataa. "Nikikimbia, hapo ndipo nitakuwa mersenere kweli. Mie ni muntu wa hapa. Nitakimbia kwetu niende wapi?"

Tarehe 18

Mwanamke ambaye Willy alimnyolea watoto wake wote, tangu nywele za kwanza, amevuka barabara alipomwona. Willy alimwita kwa jina. Akaongeza mwendo.

Usiku ule ule, kwenye chakula, Willy hakufanya mzaha hata mmoja. Alikula akiwa ameangalia ukuta.

Tarehe 24

Mvua ya kwanza. Imeosha vumbi lote, mtaa unanuka udongo. Majirani wanafurahi, kesho wataanza kupanda. Mimi nimekaa karibu na mlango nikisikiliza.

Tarehe 30

Alphonse bado hajapiga mwisho wa filimu, mersenere anapokufa. Hataki ufukwe tena, anataka milima na ukungu, njia ya kupanda Fizi. Nilimwambia Willy asiende. Nilimwambia mbele ya Mama, mbele ya Idi, kwa sauti ambayo siijui.

"Njia ya Fizi ina bariere, kizuizi cha wale vijana wa juu. Watu wa pale wana ile video kwenye simu."

"Najua," Willy akasema. "Sikiliza, Fanny. Filimu haina mwisho. Ikipata mwisho, Alphonse ataionyesha, na mwishoni jina langu litaandikwa: Willy, kinyozi wa Baraka. Ameahidi ataweka na video yangu ninacheka. Ile uongo itakufa siku ile ile. Isipomalizika, nitabaki mersenere mpaka nizeeke."

Idi akasema, "Nitamubeba mie. Kwenye bariere bananijua, napitaka kila siku."

Mama alikwenda kuleta kofia, akamvika mwenyewe, akaifunga kamba chini ya kidevu kama ya mtoto mdogo.

Tarehe 3 mwezi wa kumi

Yametokea jana. Jana sikuweza kushika kalamu. Naandika kwa mpangilio, nisipofanya hivyo nitachana karatasi.

Waliondoka asubuhi, mvua nyembamba. Alphonse mbele kwa pikipiki ya kukodi na kamera yake, Willy nyuma akiwa amebebwa na Idi. Kwenye bariere vijana walimwachia Alphonse apite. Halafu wakaona uso ulio chini ya kofia.

Idi alikuja ofisini mchana, matope mpaka kwenye nyusi. Alisema mbele ya Shefu:

"Bamemukamata. Niliwaambia ni mutoto wa Baraka. Bakaniambia mersenere anafundishwa luga zote. Nikapiga kelele, Alphonse, rudi, uwaambie! Alikuwa haiko mbali, kama hapa na ule mugomba. Aligeuka, akaniangalia hivi. Halafu akatia gazi, akakimbia."

Shefu Anatole alinyanyuka, akafunga mlango. Nilidhani anaufunga ili tupange la kufanya. Alifunga ili watu wa nje wasisikie.

"Fanny, ofisi haijue kitu juu ya hii. Umenisikia?"

Nilichukua mwavuli wangu nikatoka. Sikuomba ruhusa. Aliniita mara mbili.

Nilipita nyumbani kumchukua Mama, na pamoja na Idi tulimkuta Alphonse nyumba ya wageni. Alikuwa ameshuka kwa njia nyingine, na sasa anakunja nguo, anataka boti ya kwenda Uvira. Aliponiona alianza kulia, eti moyo wake umevunjika, eti atatuombea.

"Nipe kompyuta," nikasema.

"Kompyuta iko na filimu yote!"

"Ndiyo sababu naitaka. Waone mbao. Waone anajikwaa. Au njoo na wewe uwaonyeshe."

"Dada, mie bataniua."

"Na yeye?"

Akaikumbatia kompyuta kifuani. Alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, yule mtu aliyetia gazi. Basi Mama, ambaye hafiki begani mwangu, alishika ule mpira wa baiskeli, akavuta. Hakutukana. Alivuta tu, akimwangalia usoni, mpaka Alphonse akaachia.

"Munaniiba!" akapiga kelele. "Bezi! Bezi!"

"Kelele kama hiyo ungepiga ku bariere," Idi akamwambia.

Tulipanda watatu kwenye pikipiki moja, Mama katikati, kompyuta ndani ya kitenge chake. Mvua ilikuwa kubwa sasa. Niliogopa njia nzima, na njia nzima nilikuwa na hasira, na nimegundua kwamba vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, kila kimoja kimemshika mwenzake koo.

Kwenye bariere Idi aliongea, wakatupeleka kwenye nyumba ya udongo nyuma ya migomba. Willy alikuwa amekaa chini, bila shati. Mkono wake mmoja ulikuwa unatoka damu kutoka kiwiko mpaka kifundo. Walikuwa wameusugua kwa mchanga waone kama rangi itatoka.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Akaenda akakaa karibu naye kwenye matope, hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mkubwa wao ni mtu mwenye sauti ya upole. Hilo lilinitisha zaidi. "Muandishi wa biro ya Shefu," akasema baada ya Idi kunitaja, "onyesha hiyo kitu."

Nilifungua kompyuta kwenye meza ya mianzi. Walikuja wote, wengine watoto kabisa, wananuka moshi, wakajipanga nyuma yangu na pumzi zao shingoni kwangu. Niliwaonyesha mtumbwi. Niliwaonyesha wanawake wa dagaa wakisema "Ya mama yako!" na mmoja akacheka. Nikawaonyesha Willy akitumbukia majini. Wakacheka wote. "Rudisha! Rudisha!" Nikarudisha. Nikawaonyesha bunduki iliyovunjika katikati, mbao nyeupe ndani. "Ile kelele ni mashini ya mihogo!" mmoja akapiga kelele, amefurahi kama amevumbua dawa. "Kumbe ni batoto ba Baraka banacheza tu!"

Nikajua tumeokoka. Nilimgeukia Willy nikatabasamu. Najuta lile tabasamu.

Mkubwa wao hakucheka. "Mwisho iko wapi?" akauliza. "Mersenere anakufa namna gani?"

"Haijapigwa," nikasema. "Walikuwa wanakwenda kuipiga leo."

"Ah. Basi apige hapa. Kama ni muchezaji, acheze."

Walimsimamisha. Mmoja akatoa simu yake. Kijana mwingine akaelekeza bunduki, na hii haikuwa ya mbao, akasema "Pa!" kwa mdomo. Willy akaanguka kwenye matope.

Walipiga makofi. "Hakukufa vizuri," mkubwa wao akasema kwa ile sauti ya upole. "Rudia."

Akarudia. Wakasema alie kidogo. Akalia. Wakasema aombe msamaha kwa Kifaransa, mersenere lazima ajue Kifaransa. Akaomba msamaha kwa Kifaransa, kaka yangu, msamaha wa kuwa mzungu, kwa watu ambao nyanya zao na nyanya yetu wamezikwa kwenye kilima kimoja. Tena. Na tena. Simu ikihama kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja anataka yake. Mama alikuwa anasema polepole, "Mwanangu simama, mwanangu simama," na kila aliposimama walimwangusha.

Mara ya mwisho hakusimama.

Kicheko kilikatika. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni na yeye amelala tu, uso kwenye maji. Mkubwa wao akachungulia. "Inatosha," akasema. "Mumubebe."

Tulimbeba. Hakuna aliyetuomba radhi. Kijana mmoja alinikimbilia njiani, nikadhani anataka kuturudisha. Alikuwa ameleta kofia.

Tarehe 5

Homa. Mama anamsafisha mkono kwa maji ya chumvi. Leo amefumbua macho akanikuta.

"Ile ya mwisho sikucheza, Fanny," akasema. "Nilichoka kusimama."

Kompyuta iko chini ya kitanda changu. Alphonse ameondoka na boti.

Tarehe 7

Ujumbe kutoka kwa Alphonse, Uvira. Sauti, ndefu. Anamshukuru Mungu kwamba Willy amepona. Anaomba kompyuta yake. Halafu, karibu na mwisho: amesikia vijana wa juu walipiga kifo kwa simu. Kuna mtu amemtumia. "Fanny, nakuambia kweli, ile kufa ya mwisho ni nzuri kuliko zote. Siwezi kupata kama ile tena. Ongea na Willy, nitaitia kwenye filimu."

Nilisikiliza mara moja tu.

Si Alphonse peke yake aliyetumiwa. Jioni imefika Baraka nzima, imekatwa fupi tena, na sauti ile ile: "Ndugu zangu ba Fizi, mulale salama. Mersenere tumeshamumaliza."

Tarehe 8

Tangu asubuhi mji unashangilia. Pikipiki zinapita mtaani kwetu zikipiga honi, vijana wamesimama juu ya viti, wamefunga majani kichwani. Wanawake wanapiga vigelegele. Willy alikuwa kitandani, dirisha limefungwa, akisikiliza watu wakifurahia kifo chake.

Shefu Anatole alikuja. Aliketi sebuleni, akakataa chai, akatabasamu.

"Mama Willy, Mungu iko mukubwa. Uvumi umejimaliza wenyewe. Batu banaona mersenere amekufa, basi, imekwisha. Mutoto akae ndani tu mpaka Noeli. Mpaka basahau. Na weye Fanny, kesho urudi ku kazi. Sitauliza ulikuwa wapi."

Mama alianza kusema asante. Nilimwona mdomo wake ukianza. Na hapo mlango wa chumba ukafunguka.

Willy alikuwa amesimama kwa kushikilia ukuta. "Fanny," akasema, "nipe shati."

"Kaka, ukae," Shefu akasema. "Inje kuko batu."

"Ndiyo. Hao ndio ninaowaendea."

Nilimpa shati. Vifungo alivifunga mwenyewe. Shefu alisimama mbele ya mlango. Nikamwambia, "Ondoka hapo," bila "Shefu", bila "tafadhali", na aliondoka, nadhani kwa mshangao tu.

Ilikuwa mchana, jua baada ya mvua. Tulitoka mimi na yeye, Mama nyuma yetu. Pikipiki ya kwanza ilituona ikazima honi. Ya pili ikaigonga ya kwanza. Mwanamke mmoja alikuwa mdomo wazi kwenye kigelegele, kikamfia kooni, na alikuwa ni yule, yule aliyevuka barabara.

Willy alitaka kusema, sauti haikutoka. Basi nilisema mimi. Sikusema vizuri. Nilipiga kelele mpaka nikakosa pumzi. Niliwaambia jina lake na jina la baba yetu. Niliwaambia nani amewanyoa watoto wao. Niliwaambia Alphonse alimnyima kofia, akaona anakamatwa akatia gazi. Niliwaambia Shefu Anatole, yule pale mlangoni kwetu, alikataa mistari mitatu ya redio, na kwamba ruhusa niliiandika mimi, mkono huu, na nilinyamaza kwa sababu ya mshahara. "Mnacheza ngoma ya nani?" niliwauliza. "Ya nani? Huyu hapa. Mushikeni basi. Mumusugue na mchanga."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyeomba msamaha pia. Mzee mmoja alivua majani kichwani, akayaangusha pembeni ya barabara polepole kama hayakuwa yake. Wengine walirudi majumbani. Vijana wawili waliendelea kutuangalia kwa macho ambayo siyapendi, simu mkononi, na nilijua wanapiga video, na nikageuza uso wangu kwao ili nao uonekane vizuri.

Tumerudi ndani. Shefu alishaondoka. Willy amelala, homa imerudi kidogo. Mimi ninaogopa kuliko siku zote, ninasikia kila mguu unaopita nje.

Kesho siendi ofisini. Willy anataka nimsindikize sokoni, na hataki alfajiri wala jioni. Anataka saa ile watu wanapokuwa wengi.